Woga Unaozaliwa Kwenye Benchi

Mbele ya chumba cha uchunguzi wa akina mama, katika vituo vingi vya afya kati ya Shinyanga na Geita, huwa kuna benchi. Mwanamke aliyekuja kupima saratani ya mlango wa kizazi huketi hapo, daftari la kliniki mkononi, kitenge cha akiba kwenye begi, masikio wazi. Wa kulia kwake humwambia kwamba jirani yake aliingiziwa chuma akatoka anachechemea. Wa kushoto amesikia kuwa wakikukuta na tatizo wanakitoa kizazi palepale. Mlango ukifunguliwa, wote huinua macho kumsoma anayetoka: anatabasamu? Ameshika tumbo? Anafuta machozi? Hapo ndipo mmoja wao husema anakwenda mara moja kununua maji, na siku hiyo haonekani tena.

Akishaondoka huhesabiwa kuwa mwoga. Kwa lugha ya semina, "hana uelewa".

Kila Januari, mwezi ambao duniani kote hutengwa kwa ajili ya ugonjwa huu, maturubai hufungwa, viongozi hushika kipaza sauti na kuwataka wanawake wajitokeze. Neno ni hilohilo kila mwaka: jitokezeni. Ni wito mwema, na wapo waliopona kwa sababu waliuitikia. Lakini ni nadra kipaza sauti hicho kueleza kinachofuata baada ya kujitokeza: mwanamke atavua nini, atalala vipi, nani atakuwa ndani, kitaingia nini na kwa dakika ngapi, kitauma kiasi gani, na akiambiwa kuna kitu kimeonekana, amwelezeje aliyemwacha nyumbani. Anayekimbia benchi ana akili timamu. Alichokosa ni maelezo, na kumpa maelezo hayo ni wajibu wa aliyemwita.

Mwanamke wa machimbo ya Nyarugusu, Geita, aliyezaa watoto watano, ambaye huamka alfajiri kuponda mawe kwa nyundo hadi jua la utosi, si mtu wa kutishwa na maumivu. Kinachomwangusha ni kuvuliwa mbele ya asiyemjua bila kujua mwisho wake uko wapi.

Ugonjwa wenyewe ni mkubwa kuliko saratani nyingine zote zinazowapata wanawake wa Tanzania. Makadirio ya wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani yanaonyesha kwamba zaidi ya wanawake 10,000 nchini huupata kila mwaka, na zaidi ya 6,000 hufariki. Karibu visa vyote hutokana na kirusi cha HPV, ambacho huenezwa kwa kujamiiana na ambacho wengi wa waliokwisha kuanza kujamiiana hukutana nacho wakati fulani bila hata kujua. Mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. Kikibaki, huanza kuzibadili seli za mlango wa kizazi polepole mno: kwa mwanamke mwenye kinga imara huchukua miaka 15 hadi 20 mpaka ifike saratani, na kwa mwenye kinga dhaifu miaka 5 hadi 10.

Miaka hiyo ndiyo sababu ya kuwepo kwa kipimo. Kinachotafutwa mle chumbani ni madoa yanayoitangulia saratani, yanayoweza kuondolewa siku hiyohiyo kabla hayajawa ugonjwa. Mwanamke wa kwenye benchi anaamini anakwenda kusomewa hukumu. Laiti angeambiwa kwamba wengi wa wanaoingia hutoka bila tatizo lolote, na kwamba kwa wachache wanaokutwa na doa, hiyo ndiyo nafasi ya kuuwahi ugonjwa, pengine maji yale yangemsubiri.

Ukanda huu wa dhahabu, kati ya Shinyanga na Geita, una mambo yake yanayouongezea mzigo huu. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009 kabla ya kusimama 2021. Pembeni mwa migodi hiyo mikubwa, na kwa miaka mingi kabla yake, yapo machimbo ya wachimbaji wadogo: Rwamgasa, Mgusu, Nyarugusu na kwingineko. Wanawake wamo katika kila hatua ya kazi hiyo. Wanaponda mawe, wanaosha udongo kwenye mialo, wanapika na kuuza chakula, wengine wanamiliki maduara, yaani mashimo ya kuchimbia. Chama chao cha wachimbaji wanawake, TAWOMA, kimekuwepo tangu 1997. Maisha yenyewe ni ya kuhama. Pakisikika kwamba mahali fulani dhahabu imetema, watu hufungasha usiku kuiwahi rashi, mbio za dhahabu mpya, na mama lishe hufunga sufuria zake nyuma ya bodaboda. Tarehe ya kurudi kliniki hubaki imeandikwa kwenye daftari la kituo ambacho hatapita tena kwa nusu mwaka.

Tena kuna VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta maambukizi ni asilimia 4.4 ya Watanzania wenye miaka 15 na zaidi, na Shinyanga iko juu ya wastani huo. Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke mwenye VVU yuko katika hatari ya saratani hii mara sita zaidi ya asiye navyo. Ndiyo maana mwongozo wa Tanzania unamtaka apimwe kila mwaka, wakati asiye na VVU hupimwa kila baada ya miaka mitatu. Ndiyo maana pia huduma yenyewe katika mikoa hii ilikua ikiwa imeshikana na kliniki za VVU, na mashirika kama AGPAHI, lililofanya kazi Shinyanga, Simiyu, Geita na Mwanza, yalisaidia kuijenga humo.

Uamuzi huo ulikuwa sahihi, ila umeacha mwiba. Mjini Kahama au Katoro, ambako watu wanajuana kwa sura, mwanamke akionekana ameketi karibu na mlango wa kliniki ya VVU hadi jioni habari zimeshaenea. Asiye na virusi huogopa kudhaniwa anavyo. Aliye navyo huogopa kutambulika. Kuhamishia benchi upande wa kliniki ya mama na mtoto, ambako kila mwanamke ana sababu ya kuwepo, ni jambo la kubeba benchi tu.

Ndani ya chumba chenyewe mambo huwa hivi. Mkunga humwomba mwanamke aende haja ndogo kwanza, kwa sababu kibofu kilichojaa huongeza usumbufu. Nguo ya ndani huvuliwa. Gauni hubaki mwilini na kitenge hufunika mapaja. Hulala chali, akakunja magoti na kuyaachanisha. Kisha huja kifaa kinachoitwa spekulamu, ambacho ndicho kile "chuma" cha kwenye benchi: vipande viwili bapa vilivyounganishwa mfano wa mdomo wa bata, vya chuma au vya plastiki. Huingizwa kikiwa kimefungwa, halafu hufunguliwa taratibu ili mlango wa kizazi uonekane kwa taa. Kinachosikika ni ubaridi na kubanwa, kama kitu kimejaa mahali pasipo pake. Ubaridi huondoka kama kifaa kimepitishwa kwenye maji ya uvuguvugu. Kubanwa hupungua misuli ikilegea, na misuli hulegea mtu akitoa pumzi ndefu kwa mdomo wakati kifaa kinaingia. Wakunga wenye uzoefu humwomba mwanamke akohoe kidogo wakati huohuo, kwa sababu hiyohiyo.

Halafu pamba iliyochovywa kwenye siki hupakwa kwenye mlango wa kizazi. Ni siki kweli, asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, nguvu ileile ya siki ya jikoni. Inasubiriwa dakika moja. Huweza kuwasha kidogo. Palipo na seli zenye kasoro hugeuka peupe; pasipo na kasoro hubaki na rangi yake ya waridi. Hakuna kinachokatwa wala kinachovuka kuingia ndani ya kizazi. Majibu hutolewa mwanamke akiwa bado kitandani, na kuanzia kulala hadi kushuka zinaweza zisifike dakika kumi. Katika vituo vya serikali kipimo hiki hutolewa bure.

Mtu anaweza kudharau kipimo cha siki akidhani ni cha watu maskini. Lakini mjini Mumbai, India, wanawake wapatao 150,000 walifuatiliwa kwa miaka 12. Nusu yao walipimwa kwa siki kila baada ya miaka miwili na wahudumu wa kike waliofunzwa kwa muda mfupi, wala hawakuwa madaktari. Vifo vya saratani hii katika kundi hilo vilikuwa pungufu kwa asilimia 31 kuliko katika kundi lingine. Siki ina mipaka yake: kwa mwanamke aliyekoma hedhi, eneo linalotakiwa kuonekana hujificha ndani, kwa hiyo kipimo hiki huwalenga zaidi wenye miaka 30 hadi 50. Ndani ya mipaka hiyo, pamba na siki vimeokoa watu.

Kikwazo kingine kimo katika jina lenyewe. "Mlango wa kizazi" ndilo neno la mabango na la wizara, lakini wapo wanawake ambao wakilisikia hufikiria mlango wa nje, ule wanaoujua. Wakiambiwa kuna tiba ya kuuchoma, wanaelewa watachomwa huko. Mkunga anayeijua kazi yake hufumbata ngumi na kumwonyesha mama: ngumi hii ndiyo kizazi, hapa vidole vinapokutana pana kitundu kidogo, damu ya mwezi hutokea hapo, mtoto hupitia hapo, na siki itapakwa hapo. Akimwanza kwa "mwangaluka, mayu" na kuendelea kwa Kisukuma kidogo pale Kiswahili kinapoona haya, mabega ya mama hushuka. Ngumi hiyo haigharimu hata senti.

Wahudumu wengine huchagua njia ya mkato, wakamtupia mwanamke methali: mficha uchi hazai. Ni methali yenye hekima mahali pake, chumba cha kujifungulia, ambako mwanamke ana uchungu na mtoto yuko njiani. Kumtupia mwanamke mzima aliyefunga genge lake na kuja kwa hiari yake ni kumwambia aibu yake haina maana. Stara yake ina maana. Stara hiyo hutunzwa kwa pazia linalofika chini, kwa mlango unaofungwa kwa komeo, kwa kutoruhusu mtu mwingine aingie kuchukua kopo la dawa katikati ya kipimo. Hutunzwa pia kwa kumuuliza kama angependa kuhudumiwa na mwanamke mwenzake, na kama angetaka dada au shoga yake asimame kando ya kichwa chake. Hutunzwa zaidi kwa ahadi moja: ukisema simama, nitasimama. Mwanamke anayejua kwamba anaweza kukisimamisha kipimo mara nyingi hana haja ya kukisimamisha. Wapo pia wanaopendelea kukiingiza kifaa wenyewe kwa mkono wao, na hilo linawezekana.

Woga wa chombo hiki una historia, na historia hiyo inampa haki mwoga. Spekulamu ya zama hizi inahusishwa sana na daktari wa Kimarekani, James Marion Sims, ambaye kati ya 1845 na 1849 huko Montgomery, Alabama, aliwapasua tena na tena wanawake Weusi waliokuwa watumwa, bila dawa ya ganzi. Majina ya watatu kati yao yamehifadhiwa: Anarcha, Lucy na Betsey. Sanamu ya Sims ilisimama New York kwa zaidi ya karne moja mpaka ilipoondolewa Aprili 2018.  Wanawake wa Shinyanga hawajapata kulisikia jina la Sims, wala hawalihitaji ili wajue kwamba mwili uliolazwa chali ni mwili usio na ulinzi.

Watafiti wamelichunguza suala la woga wenyewe, kama wanavyochunguza dawa. Uchambuzi wa Cochrane uliotolewa 2011 ulikusanya majaribio kuhusu wanawake waliofanyiwa kolposkopi, uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa darubini maalumu, ambao hufuata pale kipimo cha kwanza kinapoleta wasiwasi. Vipeperushi peke yake viliongeza ujuzi lakini havikuupunguza woga. Muziki uliochezwa wakati wa uchunguzi uliupunguza, na maumivu pia. Kwa hiyo zile karatasi zinazogawiwa kwenye kampeni hazitoshi, na kinachosaidia kipo tayari mfukoni. Simu ya mgonjwa mwenyewe, ikicheza kwaya au bongofleva anayoipenda, ni kifaa cha tiba kwa dakika hizo kumi. Ajabu ni kwamba katika vituo vingi jambo la kwanza analoambiwa ni kuizima.

Kanda ya Ziwa ina sababu yake nyingine ya kutaka chumba hiki kiaminike, nayo ni kichocho. Aina ya kichocho kinachokaa kwenye njia ya mkojo hupatikana kwenye malambo, mabwawa na mashamba ya mpunga ya Usukumani, ambako wasichana huchota maji, hufua na kupandikiza wakiwa ndani ya maji hadi magotini. Mayai ya minyoo hiyo huweza kukwama kwenye mlango wa kizazi na uke, yakaacha mabaka ya manjano yenye chembechembe kama mchanga na mishipa inayotoka damu kirahisi. Mwanamke huona damu baada ya tendo la ndoa, uchafu usiokwisha, maumivu. Akienda kutibiwa huambiwa ni ugonjwa wa zinaa, anapewa dawa, hapati nafuu, na nyumbani ndoa inaingia moto: kauleta nani? Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha picha mwaka 2015 ili wahudumu wayatambue mabaka hayo kwa macho, na makadirio ya wanawake wa Afrika wenye hali hii hufika milioni 56. Dawa ni prazikwanteli, ileile wanayopewa watoto shuleni.

Bila spekulamu, mabaka hayo hayaonekani. Mwanamke anayeikimbia kwa kuogopa saratani anaweza kuwa anaikimbia nafasi pekee ya kusafishwa jina. Jambo hili lisemwe wazi kwenye mikutano ya vijiji, wanaume wakiwepo, kwa sababu wao ndio wanaotoa hukumu bila kipimo.

Na hapa ndipo mume anapoingia kwenye habari hii, apende asipende. Doa jeupe likionekana, na likiwa dogo, mara nyingi tiba hutolewa siku hiyohiyo. Ipo tiba mgando, ambapo ncha ya chuma iliyopozwa kwa gesi hugandisha eneo kwa dakika tatu, hupumzishwa tano, kisha hugandisha tatu nyingine. Ipo tiba joto, ambayo ncha yake hufika nyuzijoto 100 na kila mguso hauzidi dakika moja. Sehemu hiyo ya mwili ina mishipa michache ya kuhisi maumivu ya moto, kwa hiyo wengi husikia msokoto wa tumbo kama wa hedhi, basi. Baada ya hapo maji hutoka kwa wiki kadhaa, na mwanamke huelekezwa asishiriki tendo la ndoa kwa wiki nne hadi sita.

Wiki sita. Mwanamke aliyekuja asubuhi bila kuaga anajiuliza atasema nini usiku. Mwingine huomba kwanza akazungumze na mwenzake, ambaye yuko kwenye maduara mbali na mtandao unasumbua, na kila siku inayopita inamwondoa mbali na kitanda kile. Ushauri wa kwamba "umweleweshe mumeo" humwachia mwanamke kazi ya daktari. Kituo kinaweza kuandika barua fupi kwa mume, kwa Kiswahili cha heshima, ikieleza tiba, muda wa kupona na namba ya kupiga akiwa na swali. Viongozi wa machimbo, ambao wana mikutano yao na sauti inayosikilizwa, wanaweza kualika mkunga azungumze na wanaume kabla ya siku ya kupima. Mwanamume anayejua kwamba tiba ya leo inaokoa miaka ya kuuza mali kwa ajili ya mionzi huona wiki sita kuwa fupi.

Woga wa chumbani, hata hivyo, ni mdogo ukilinganisha na wa kusubiri. Doa likiwa kubwa au likileta mashaka, huchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama ya mlango wa kizazi, kikapimwe maabara. Kitendo chenyewe ni mfinyo wa sekunde chache. Damu huzuiwa kwa dawa nzito yenye rangi ya kahawia, na siku mbili tatu zinazofuata hutoka uchafu mweusi kama makapi ya kahawa. Mwanamke ambaye hakuonywa kuhusu makapi hayo huamini ameanza kuoza. Sentensi moja tu ya mkunga ingempa usingizi.

Halafu kinyama husafiri. Kwa miaka mingi Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa Mwanza 1971, ndiyo imekuwa mwisho wa safari za namna hii kwa watu wa Kanda ya Ziwa. Kabla hospitali hiyo haijaanza kutibu kwa mionzi, aliyekutwa na saratani Geita alilazimika kwenda Ocean Road, taasisi ya saratani iliyoko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000. Hata Mwanza ilikuwa safari: foleni ya magari Busisi, kivuko, upepo wa ziwa, kisha Kigongo. Tangu Juni 2025 daraja la kilomita 3 linalobeba jina la Magufuli linavuka hapo, na gari hupita kwa dakika chache. Saruji imefanya kazi yake. Swali lililobaki ni la karatasi: kwa nini mwanamke arudi mara tatu kuambiwa majibu hayajaja, wakati ujumbe mfupi wa simu ungetosha kumwambia asipande Hiace?

Yeyote aliyewahi kuishi karibu na machimbo anaijua hali ya kusubiri sampuli. Jiwe limepelekwa maabara, na mwenye duara hali, halali, kila simu ikilia anaruka. Lakini yeye anajua siku majibu yatakapotoka, kwa sababu mwenye maabara anajua akichelewa atakosa mteja. Kinyama cha mwanamke kinastahili angalau heshima ya jiwe: tarehe iandikwe kwenye kadi, jina la wa kumuulizia liandikwe chini yake, na majibu yakichelewa, kituo ndicho kimtafute.

Baadhi ya woga huu unaweza kuondolewa kabisa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo cha vinasaba vya HPV kitangulie, na sampuli yake mwanamke anaweza kuichukua mwenyewe kwa kijiti cha pamba, peke yake, nyuma ya pazia au hata nyumbani. Mwenye kipimo safi hahitaji spekulamu siku hiyo. Kwa mwanamke wa machimbo hilo ni jambo kubwa, na serikali ikilisambaza hadi zahanati za Rwamgasa na Kakola, benchi litapungua watu kwa sababu nzuri.

Mabinti wa ukanda huu wamekwishatoa mchango ambao haujasemwa vya kutosha. Jijini Mwanza, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walijiunga na utafiti ulioitwa DoRIS, uliotaka kujua kama dozi moja ya chanjo ya HPV inatosha. Matokeo yake ni sehemu ya ushahidi uliolifanya Shirika la Afya Duniani likubali ratiba ya dozi moja mwaka 2022, na Tanzania nayo ikahamia dozi moja Aprili 2024, kwa wasichana wa umri huohuo. Mabinti hao walichomwa sindano wakijua wanachochomwa. Walielezwa, wazazi wao wakaelezwa, wakauliza maswali, wakaridhia. Mama zao, wanaoketi kwenye benchi leo, hawajapata hata nusu ya maelezo hayo.

Kliniki za VVU za mikoa hii zilikwisha kugundua dawa ya benchi. Ziliwaweka WAVIU washauri, watu wanaoishi na virusi, wawapokee wapya, wawatie moyo na kuwafuatilia wakipotea. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, anayefaa ni mwanamke aliyekwisha kupimwa, ikiwezekana aliyekwisha kutibiwa, mama lishe au mponda mawe kama wao, aliyelipwa posho ya siku yake aliyoiacha. Aketi katikati ya benchi lilelile asubuhi nzima. Apewe spekulamu moja ya plastiki isiyotumika kwa wagonjwa, aipitishe mkono kwa mkono, kila mwanamke aifungue na kuifunga mwenyewe, asikie mlio wake mdogo, aipime kwa vidole, aulize alichokuwa anakiogopa, mpaka imfikie yule wa mwisho ambaye ameshaanza kukunja kitenge chake ili aende kununua maji.